Kamba ya Mkono wa Kushoto

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa kwenye maabara moja huko Uthiru. Asubuhi nilichunguza DNA ya ng'ombe, jioni niliichora kwa wino na rangi za maji. Mkubwa wangu aliuita uchoraji huo "mchezo wa watoto". Nilimsumbua hadi akakubali mchoro mmoja utundikwe ukumbini. Ukiwa na kosa, alisema, brashi zangu nizirudishe nyumbani.

Pale maabarani kila mchoro lazima ukaguliwe, na mkaguzi atie sahihi nyuma kwa penseli. Wangu ulipata sahihi za wenzangu wawili, kisha ya mkubwa mwenyewe. Kichwa kikanivimba. Jumamosi, nikielekea mjini kuutia fremu, nilipitia nyumbani kumringia mama.

Mama amesuka vyondo, vikapu vya mkonge, tangu kabla sijazaliwa. Nilimkuta kibarazani akisokota mkonge pajani. Aliutazama mchoro.

"Hii kamba ilisokotwa na mtu wa mkono ya kushoto?"

"Mama, hiyo si kamba. Ni DNA. Iko ndani ya mwili wako wote."

"Sawa. Lakini imezunguka vibaya."

Nilikasirika, nikafungua kitabu cha biolojia nilichonakili mchoro ule nimnyamazishe. Kikaniumbua mimi. Nyuzi mbili za DNA hujipinda kuelekea kulia; zangu zilikwenda kushoto. Niliponakili nilikuwa nimeigeuza karatasi ya kunakilia nyuma mbele, na watu wanne wenye digrii hatukuona.

Mama aliiweka kamba yake kando ya picha ya kitabuni. Mzunguko ulikuwa ule ule. Ni sadfa tu, najua, lakini nilivilinganisha tena na tena. Miaka yote hiyo alikuwa akisokota pajani umbo la kitu kilichomo ndani ya paja lenyewe, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Jumapili sikwenda kanisani, nilichora upya. Mama alikagua kila mpindo kwa kidole, kisha nikampa penseli. Aliandika jina lake herufi moja moja.

Jumatatu mkubwa aliugeuza mchoro mpya, akasoma jina.

"Huyu ni nani?"

"Ni mamangu. Anasuka vyondo. Yeye ndiye aliona makosa yetu."

Nikamwonyesha mchoro wa zamani, wenye sahihi yake nyuma. Nilijua brashi zangu zimekwisha. Alizitazama karatasi zote mbili. Kisha akachukua penseli, akatia sahihi chini ya jina la mama.