Jani Jeusi la Bibi

Harufu ya kwanza ninayoikumbuka kutoka Kisarawe ni ya chungu cha tumbaku cha bibi yangu mzaa baba. Majani aliyanyunyizia maji ya asali, akayafunga kwa jani la mgomba, akayakandamiza kwa jiwe ndani ya chungu na kuyaacha wiki nyingi mpaka yawe meusi kama kahawa. Alipokifunua, nyumba nzima ilinukia sukari guru na korosho zinazochomwa. Jani jeusi kuliko yote lilikuwa la kuvisha nje. Mengine aliyasokota ndani, kisha akaligandisha lile la nje kwa uji wa muhogo. Sigara zake, nene kama kidole gumba, wazee walizifuata kutoka vijiji vya mbali. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake.

Nilipokuwa darasa la tano, mafua ya muda mrefu yalimwondolea uwezo wa kunusa. Mikono iliijua kazi bado, ila pua ilikuwa imelala. Basi akanifundisha mimi. "Mume wangu," aliniita kwa utani, kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kiume, "pua yangu sasa ni wewe. Ukisikia harufu ya mkeka ulionyeshewa, ujue jani limeingia kuvu. Tunalitupa."

Siku moja alikuwa akiandaa sigara za wageni waliokuja kumposa shangazi yangu. Alinipa jani la nje nilinuse. Wenzangu walikuwa wakinipigia miluzi kutoka uwanjani, mpira umeshaanza. Sikulifikisha hata puani. "Zuri, Bibi," nikasema, nikakimbia.

Kesho yake, baada ya pilau, mzee wa upande wa mwanamume alipewa sigara ya kwanza. Aliizungusha vidoleni, akausifu weusi wake, akaiwasha. Alivuta mara mbili tu, akatema mate nje ya baraza. "Mama, hii sigara au mkeka ulionyeshewa?" Wageni wakaangua kicheko. Bibi aliinamisha kichwa. "Mnisamehe, baba zangu. Mikono imezeeka."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, na nilijua kwamba mikono haikuwa na kosa. Nikamwacha aombe radhi kwa kosa langu. Posa ilipokelewa, lakini wiki ile ile chungu kiligeuzwa cha kuwekea mbegu za kunde, na Bibi hakusokota tena mpaka alipofariki. Nilikua, nikamaliza sekondari, nikarudi kwake likizo nyingi, na kila mara nilijiambia nitamweleza kesho.

Sasa nami ni mzee, naishi Tangini, Kibaha, ambako tumbaku hununuliwa dukani ikiwa tayari kwenye pakiti. Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka kazini Dar na sigara nene ya jani jeusi ndani ya kijisanduku cha mbao.

"Babu, hii ya kishua. Vipi, nzuri?"

"Nzuri," nikasema, kabla hata ya kukifungua kijisanduku.

Nikalisikia neno langu lile lile la utotoni. Nikaitoa, nikainusa kutoka ncha hadi ncha, nikaibonyeza karibu na sikio nisikie kama imekauka, nikaiwasha na kuushika moshi mdomoni bila kuumeza. Jani la nje lilikuwa laini, lenye mafuta, tamu kwa mbali. Ndani mlikuwa na ukali wa majani ambayo hakuna aliyeyasubiri. Sigara ya Bibi ilikuwa bora, nje na ndani.

"La nje zuri," nikamwambia. "Ya ndani waliyaharakisha."

Akacheka. "Babu nawe! Si ungesema tu nzuri, yaishe?"

"Nilishasema hivyo mara moja," nikamjibu, nikamwambia akae.