Mhandisi wa Maporomoko

Mhandisi ninayeshiriki naye ofisi anafanya kazi kwenye kompyuta tu, lakini kucha zake zina udongo kama za mchimbaji. Mezani ana kopo la maziwa lililojaa udongo mkavu wa mgodi. Akichoka, na huchoka tangu asubuhi, huumwaga kidogokidogo juu ya karatasi, akatazama rundo linavyobomoka, kisha akaurudisha koponi kwa kiganja. Halafu huuliza mashine swali lilelile la jana: kile kilima cha mabaki ya mgodi kikiporomoka, udongo utafika wapi? Kwenye skrini udongo hushuka, hukwangua ardhi njiani, hunenepa, hupungua nguvu, na kusimama kwenye mtaro, kabla ya nyumba za mtaa wa Musonoi.

Jumatatu Mama Kabedi, anayewauzia wachimbaji mikate chini ya kilima hicho, alituletea yetu, akasimama nyuma ya mhandisi akitazama skrini.

"Tata, pale chini uliandika bulongo iko nguvu?"

"Udongo iko nguvu, mama."

"Nguvu ya wapi! Banachimbaka pale kila siku, banafunika tu matundu. Parasol yangu ya kivuli inaingia mu bulongo yenyewe."

Mhandisi alifuta miwani kwa pindo la shati, akabadilisha namba moja, ile ya ugumu wa ardhi chini ya kilima.

"Weka kidole kwenye skrini, pale unauzishaka mikate."

Akaweka. Udongo ulishuka, ukanenepa kuliko siku zote, ukapita chini ya kidole, ukavuka mtaro.

"Kesho usiuzishe pale, mama," alisema, kwa sauti ileile anayosalimia nayo.

Udongo ulikuwa bado unashuka. Mama alisogeza kidole hadi kwenye nyumba yake, ng'ambo ya mtaro, akasubiri.