Siku Tuliyoiinamia Mita

Mwaka 1968, nikiwa na miaka minane, baba yangu alifariki na taabu ikaanza. Darasa la pili nikaishia hapo. Mama alinitwika ndoo nikawa nachotea watu maji, nyumba hadi nyumba, hapa hapa Likoni. Nilipokua nikauza mihogo ya kukaanga, nikauza mbaazi, nikauza makuti, nikajenga. Sikurithi hata tofali moja. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaodhani nyumba niliachiwa na mume. Mume aliikuta imeshaezekwa.

Nyumba iko Bofu, ina vyumba sita: kimoja changu, vitano vya wapangaji. Uani kuna mfereji mmoja wa sote. Mita nayo ni moja, imo shimoni karibu na ukuta wa mbele, nimeifunika bati na jiwe juu yake. Bili ikija tunagawana sawa kwa sawa, na kwa miaka mingi utaratibu huo haukuleta maneno.

Maneno yalikuja mwaka jana. Kwetu maji ni ya mgao, huja Alhamisi jioni, na siku nyingine mfereji ni pambo. Lakini ajabu, maji yalivyozidi kuadimika ndivyo mita ilivyozidi kupanda. Macho yote yakamwendea dobi, mwanamke wa chumba cha mwisho, mama wa watoto wawili, kazi yake kufulia watu nguo. Yeye alisema nguo za watu anazifua kwa maji ya kisima, ananunua kwa wenye mikokoteni. Na mikokoteni ilikuwa ikiingia mlangoni mchana kweupe. Ila mtu akishaona kamba imejaa mashuka, mkokoteni haumuingii tena machoni.

"Mama, huyu anatumaliza," aliniambia fundi wa kuchomelea vyuma, kijana wa bara anayefanya kazi Changamwe. "Atoke yeye, ama tutoke sisi."

Sisi, yaani vyumba vinne. Lakini dobi nikimtoa, atapata wapi ua wa kuanikia? Nyumba nyingi siku hizi ni za ghorofa, ukianika shati moja dirishani mwenye nyumba anapiga kelele. Bila kamba hana kazi, na bila kazi wale watoto hawali. Hilo alilijua, nami nililijua.

Nikaita kikao Alhamisi baada ya laasiri, maana siku hiyo wote huwa uani na mitungi yao wakingoja maji. Dobi alikaa kizingitini, hakutaka kiti.

"Tangu aje, kamba yake haijapata kukauka," alianza muuza mahamri wa chumba cha pili.

"Nawe waoga mara ngapi kwa siku?" dobi akamjibu. "Mwili umeshika kutu, wausugua?"

"Naoga, ndiyo. Mimi nauza chakula, dada, siuzi povu."

Nikawanyamazisha. Nikawaambia mimi simtoi mtu kwa kuangalia kamba, twendeni kwanza tukaitazame hiyo mita. Nikaondoa jiwe na bati, chura akaruka, muuza mahamri akanirukia mgongoni. Nikainama. Herufi na mimi tuliachana mapema, lakini nambari nilizishika sokoni na hazijaniponyoka. Chini ya nambari, ndani ya kioo, mna kigurudumu kidogo kama nyota. Maji yakipita, nacho huzunguka. Kilikuwa kinazunguka mbio.

"Maji hayo," akasema fundi, na wote wakakimbilia mitungi.

Sasa, nyumba yetu ina desturi, na Bofu nzima ni hivyo hivyo. Maji yakikatika, mfereji huachwa wazi na chini yake hufudikizwa sufuria kuukuu, ili maji yakirudi yaigonge, tusikie popote tulipo. Sufuria ilikuwa kimya. Ilikuwa kavu, ina vumbi.

Fundi akaweka kiganja mdomoni mwa mfereji. "Hakuna kitu. Unapuliza tu hewa."

"Ufunge," nikamwambia kutoka shimoni. Akaufunga. Nyota ikasimama.

"Fungua." Nyota ikakimbia kama imetumwa.

Tukafunga, tukafungua. Mmoja mmoja wakaja kuinama wenyewe, maana hakuna aliyekubali kuambiwa. Jirani alipita barabarani akauliza tunamtafuta nani humo shimoni.

"Kwa hiyo wakati wote huu tumenunua upepo," akasema muuza mahamri.

"Na sufuria ni yako," dobi akamwambia.

Muuza mahamri akacheka mpaka akashika ukuta, na baada yake sote. Sisemi bili yote ilikuwa hewa. Watu sita na watoto wao wana kiu, wanapika, wanaoga, mwingine anaoga kupita kiasi. Lakini tulianza kuufunga mfereji na kuufungua pale tu majirani wa bondeni wanapotuambia yamefika, na mita ikapoa.

Fundi alimwendea dobi jioni ile ile. "Dada, nilikukosea. Nisamehe."

"Nitakusamehe ukishanianikia yale mashuka."

Akaanika. Alianika vibaya, pembe zikiburura mchangani, dobi nyuma yake akimwambia anyooshe, yeye akinyoosha. Hakuna aliyesema tena habari ya kuhama, nami sikuwauliza.

Leo nina nyumba hii ya vyumba sita. Nina mbuzi watatu na minazi michache upande wa Waa. Nina tangi jeusi juu ya jukwaa la mbao. Nina mita, ambayo naisoma mwenyewe kila Ijumaa asubuhi. Nina wapangaji watano, na wa chumba cha mwisho ameomba kufunga kamba ya pili. Nimemruhusu.