Kinanda Chenye Adabu

Jumapili iliyopita nilipanda Njombe kutoka Makambako kwenda ibada ya mavuno katika kanisa nililokulia. Tangu nirudi wateja wangu wa mbao wananiuliza, mama, mbona umepooza hivyo? Nawaambia ni mafua. Wewe nitakuambia ukweli, maana na wewe una kwenu, na unajua mtu anavyoweza kurudi akakuta kila kitu kipo isipokuwa kile alichokifuata.

Kushoto kwa madhabahu ndipo ilipokuwa piano. Sasa pana spika mbili ndefu na nyaya zinazotambaa sakafuni. Piano yenyewe ilikuwa kuukuu, ya mbao nyeusi, waliiacha wamisionari zamani, na sisi watoto wa usharika tulifundishwa kuipiga kila Jumamosi asubuhi. Aliyetufundisha tulimwita Mwalimu tu, mama mstaafu wa shule ya msingi, mkali, mwenye sweta la kijivu alilolivaa masika na kiangazi. Vile vitufe vyeupe na vyeusi tuliviita meno. Mwezi wa saba, baridi ya kwetu ikishika, meno mengine yaligoma kabisa. Unabonyeza, linazama, halirudi.

Vidole vyetu navyo viligoma. Ndiyo maana Mwalimu akaweka sheria kwamba kila mtoto aje na viazi viwili vya moto mifukoni. Tulivifukua kwenye majivu alfajiri, tukavitia kwenye mifuko ya masweta, kimoja huku kimoja kule, tukapanda kilima na mikono ndani huku umande ulioganda ukivunjika chini ya miguu. Kiazi kilikuwa cha kupashia vidole, kinaliwa baada ya somo. "Mkono wa baridi haupigi, unagonga," alikuwa akisema. Ukikila njiani alikugundua kwa majivu ya mdomoni, na zamu yako ikaenda kwa mwenzako. Nilipoteza zamu nyingi kwa ulafi, usinicheke. Siku hizi nanunua chipsi pale stendi ya Makambako, nazila mpaka zinaisha na sisikii ladha yoyote.

Piano ilikuwa moja na watoto tulikuwa wengi, kwa hiyo zamu ilikwisha kabla vidole havijazoea. Mwalimu akamwomba fundi seremala atukatie vipande vya mbao za paini, akavichora meno meupe na meusi kwa mkono wake, kila mmoja akabeba chake akafanye mazoezi nyumbani. Nilikigeuza changu juu chini nikamwambia, "Mwalimu, mbona hiki hakitoi sauti?" Akanitazama juu ya miwani. "Sauti unayo. Imba."

Nyumbani aliyeimba alikuwa bibi. Ndiye aliyenilea. Miguu yake ilikuwa imevimba, kilima cha kanisani kilishamshinda tangu nikiwa mdogo sana, na siku nzima alikaa jikoni kwenye kigoda, karibu na moto, akimenya viazi au akipukuchua mahindi. Jioni nikiweka ubao wangu juu ya debe lililofunikwa, aliuamkia kwanza. "Kamwene," aliuambia ule ubao, kama mgeni aliyeingia. Kisha alianza ule wimbo wetu wa mavuno, beti zote kwa moyo, na mimi nikamfuata kwa vidole juu ya meno yasiyolia.

Kifua chake kilikuwa kibovu, moshi wa miaka yote ule. Kila alipofika mwisho wa mstari wa tatu pumzi ilimwishia. Alinyamaza, akainua kidole kimoja kuniomba nisubiri, akavuta hewa taratibu, ndipo akauingia mstari wa nne. Nami nilisubiri na mikono hewani. Nilizoea mpaka nikadhani wimbo wenyewe ndivyo ulivyo. Bibi alifurahi sana. "Hiki kinanda chako kina adabu," alisema. "Kinasubiri wazee."

Mwaka ule Mwalimu alinichagua mimi nipige wimbo huo siku ya mavuno. Nilishuka kilima mbio kumwambia bibi, na yeye akaacha viazi vyake akajifuta mikono. "Basi nakuja," alisema. Baba mdogo, ambaye tulikuwa tunakaa naye, akamuuliza atafikaje, na kwani kinanda cha kanisani hakijui? Bibi akamjibu, "Kinanda nakijua. Mikono ya huyu mtoto ndiyo sijaisikia." Hapo baba mdogo akaahidi kumpakia kwenye baiskeli na kumsukuma mpaka mlangoni. Wiki nzima bibi hakuwa na habari nyingine. Alitoa kitenge chake kipya, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Nami sikuomba kitu kingine kwa Mungu, ila bibi anisikie.

Siku yenyewe nilitangulia. Kanisa lilijaa mahindi, maboga, kuku waliofungwa miguu, watu wamekaa mpaka kwenye ngazi. Kila mlango ulipolia niligeuka. Bibi haonekani. Mwalimu akanisukuma kidogo mgongoni, nikaanza. Mwisho wa mstari wa tatu mikono ilisimama yenyewe, na kanisa zima likaniacha, likavamia mstari wa nne bila piano. Mwalimu akaninong'oneza, "Wee, unamsubiri nani?" Nikafukuzana nao. Kila ubeti ilikuwa hivyo hivyo, vidole vilikataa kabisa kuuvuka ule mstari bila yeye.

Bibi alifika mnada wa mavuno umeshaanza. Tairi lilipasuka njiani, na baba mdogo alimkokota hatua kwa hatua. Alikuwa mlangoni na kitenge chake kipya, midomo imekuwa ya kijivu kwa baridi. Nilimkimbilia mzee wa kanisa aliyeshika funguo nikamsihi anifungulie piano, wimbo mmoja tu, bibi yangu amefika. Alikuwa anauza jogoo. "Tulia mtoto, mnada uishe kwanza," alisema, akaendelea kupandisha bei. Mungu anisamehe, yule mzee ameshazikwa, lakini jogoo wake sijamsahau.

Nilirudi kwa bibi nikilia. Alikuwa anatetemeka, na baba mdogo alishasema haiwezekani kungoja. Bibi akanishika kichwa. "Pale mstari wa tatu," aliniuliza, "ulinisubiri?"

Nikamwambia, "Nilikusubiri, bibi."

"Basi inatosha. Utanipigia siku nyingine."

Siku nyingine haikuja. Baridi ile ile ilimchukua, kabla hatujapanda mahindi mengine. Ubao wangu niliutia kwenye moto wa jikoni nikiwa na hasira, nikautazama unavyoungua meno yote. Leo nauza mbao lori kwa lori, na sijauona ubao mwingine ambao ningependa kuuokoa motoni.

Piano niliipiga kanisani pale mpaka nilipoolewa Makambako. Mwisho wa mstari wa tatu nilisimama, siku zote. Mwanzoni watu walinisema, baadaye wakazoea, na mwishowe usharika mzima ukawa unavuta pumzi pale pamoja nami bila kujua ni pumzi ya nani. Kisha Mwalimu akafariki, mchwa wakaingia kwenye piano, wazee wa kanisa wakaitoa nje, mvua ikaimaliza.

Jumapili iliyopita kijana mmoja alipiga kinanda cha umeme chenye ngoma ndani yake. Anajua, sitamsema vibaya, vidole vyake ni vyepesi kuliko vyangu. Wimbo ulikuwa ule ule. Ulipofika mwisho wa mstari wa tatu nikanyamaza, na bibi vizee watatu wa benchi la mbele nao wakanyamaza, vinywa wazi. Kinanda kikapita. Ngoma zake hazikumjali mtu. Wale vizee wakatazamana, wakacheka kwa aibu, wakakimbilia kuwafikia wenzao kwenye mstari wa nne.

Mimi sikwenda nao. Nilibaki pale pale, mikono hewani juu ya mapaja yangu, nikimsubiri bibi.