Mkalimani wa Chumba cha Cherehani

Bibi mmoja, fundi cherehani, alikuwa akilea wajukuu wawili mchana kutwa, mama yao akiwa kazini kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mkubwa alikuwa na miaka minne na nusu na mdomo wa wakili. Mdogo alikuwa ametimiza miaka miwili, na neno lake lilikuwa moja tu, "ta", alilolitumia kwa kila kitu, kuanzia maji hadi paka.

Mkubwa akajiteua mkalimani. Mdogo akisema "ta", dada yake anaeleza kwamba anaomba maji. Bibi alishukuru, maana mikono yake ilikuwa kwenye kitambaa. Lakini siku zilivyokwenda, tafsiri zikaanza kunenepa. "Ta" ikawa biskuti mbili, moja yake na moja ya dada. "Ta" ikaomba usingizi wa mchana ufutwe. Siku bibi aliposhika kitana, mdogo akapita na "ta" yake, na mkubwa akatafsiri bila kupepesa macho.

"Anasema mimi nisichanwe leo. Kesho kutwa."

"Yote hayo kwa neno moja?"

"Anaongea kwa kifupi, bibi."

Bibi alicheka mpaka mshono ukaenda upogo, ila moyoni aliingiwa na wasiwasi. Watoto wa wateja wakija, mkubwa aliwagawia vyeo: wewe mgonjwa, wewe daktari, wewe kaa foleni. Mdogo alikaa kando yao akipanga vigurudumu vitupu vya uzi, na mtu akikigusa kimoja, anakivuta bila kusema kitu. Dada yake kwa umri huo alikwisha kuwagombeza wageni.

Akawapeleka wote wawili kliniki. Muuguzi alimwuliza mdogo pua iko wapi, na kabla hajainua mkono dada yake akajibu. Akamwuliza sikio, dada akajibu. Muuguzi akamwomba mkubwa akawasalimie watu wa mapokezi. Mlango ulipofungwa, mdogo akashika pua, akashika sikio, akaenda kuleta kiatu alichotumwa.

"Anaelewa kila kitu, mama," muuguzi akasema. "Ila ahangaike kuongea kwa nini, na msemaji anaye?"

Akamweleza kuwa kucheza kando ya wenzake ni kawaida kwa miaka miwili. Kupangiana vyeo ni mambo ya umri wa dada yake. Akashauri asubuhi watenganishwe, bibi amsemeshe mdogo na amsubiri ajibu mwenyewe, kisha wamrudishe baada ya miezi mitatu.

Mkubwa akaandikishwa shule ya awali. Bibi akabaki na mdogo, akitaja kila alichoshika: mkasi, pindo, mfuko. Kisha ananyamaza, anahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Kunyamaza kulimtesa kuliko kushona vifungo. Wiki ya tatu likatoka "pido", na bibi akalirudia kwa kila mteja aliyeingia, kama vile yeye ndiye aliyelitunga. Likafuata "mai", likafuata "bibi njoo".

Adhuhuri moja, mkubwa akiwa amesharudi kutoka shule, bibi alitafuta futi yake ya kupimia kila mahali. Mdogo akamvuta gauni.

"Dada ficha futi."

Futi ikatolewa kwenye mkoba wa shule, ambako ilikuwa ikisubiri kwenda kupima urefu wa darasa zima. Mkubwa hakutetereka.

"Usimsikilize, bibi. Huyu bado hajui kuongea."

"Mke mwenzangu," bibi akamwambia, "huyo leo nimemwelewa bila mkalimani."

Mkubwa alinuna mpaka chakula kilipoiva. Baada ya kula akabadilisha kazi, akawa mwalimu. Akamkalisha mdogo wake chini ya meza ya kukatia, akamwinamia sikioni.

"Ukiulizwa, sema: sijaona."

Mdogo akafikiri.

"Ona," akajibu.

"Si-ja-ona."

"Mimi ona. Ona tena."

Bibi alikuwa ameinamia kitambaa, midomo ameibana, akikanyaga cherehani polepole ili neno lisimpite.