Ufunguo wa Labo Shingoni

Kuna siku moja ya ujana wangu ningependa niisahau, mwanangu Neema, lakini juzi umenikumbusha yote, na hasira haijanitoka.

Juzi tulifungua lise yetu ya serikali, ile shule mupya ya sekondari ya sayansi na teknolojia. Wageni wakasema maneno mengi juu ya kazi za kesho, tukapiga makofi mpaka mikono ikauma. Wewe, mwalimu mupya wa biolojia, ukafungua labo, chumba cha majaribio, ukawaonyesha mikroskope na kompyuta zile za ordinatere, wakapiga picha. Walipopanda gari tu, ukafunika kila kitu na plastiki, ukafunga, ukavaa ufunguo shingoni. Wanafunzi walikuwa wangali mulangoni! Nilipokuuliza, ukanijibu: "Mujomba, watoto watavunja. Hii vitu iko ya bei. Tutafungua siku ya wageni."

Aa, Neema! Siku ya wageni! Na sisi tuliobeba muchanga kutoka mutoni kila Jumamosi ya salongo, ile kazi ya pamoja bila malipo, mvua ikitupiga, sisi njo nani?

Basi sikiliza. Ufunguo kama ule niliuvaa mimi wakati nilikuwa mwanafunzi. Shule yetu ya zamani ilikuwa na mikroskope moja tu, ndani ya sanduku ya mbao. Mwalimu wetu, Papa Anselme, muntu wa Walikale asiyecheka ovyo, alienda kwao kuzika baba yake. Akaniachia ufunguo kwa sababu nilikuwa wa kwanza darasani. Aliniambia: "Mwenye anataka kutazama, umufungulie." Mvua ikakata barabara, akakawia huko musimu muzima. Na mimi kichwa kikanivimba. Kila mwenye aliniomba, nilimuambia kesho.

Mama yako, dada yangu mudogo, alikuja na maji ya kisima chetu ndani ya kichupa cha dawa. Mudogo wetu wa mwisho alikuwa anahara kila wiki, naye alitaka kuona kama ile maji iko na vidudu. Alikuwa na hamu ya kuwa mulaborantini, apime damu na maji ya wagonjwa ku hospitali kule Mweso. Nikamuambia: "Weye utavunja." Alirudi mara tatu na kichupa chake. Mara tatu nilimufukuza mbele ya wenzake, na mara ya mwisho nikamucheka.

Papa Anselme aliporudi, alifungua sanduku. Vioo vyote vilikuwa vimeota ukungu, vyeupe kabisa. Unajua baridi ya hii milima yetu, hata viatu vya Noeli vinaota ukungu ndani ya sanduku.

"Nani aliitazama?" aliniuliza.

"Hakuna muntu, mwalimu. Niliichunga vizuri."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga! Aliketi chini, akaniambia polepole: "Nilikuachia wenzako, kijana. Sikukuachia sanduku."

Mwaka uliofuata mama yako aliacha masomo, akaingia ku shamba la maharagwe mpaka leo. Kulikuwa na sababu zingine, najua, usinitetee. Lakini nilipomusihi arudi, alinijibu: "Kaka, si ulisema nitavunja?"

Na juzi alikuwa pale, nyuma ya wanafunzi, na kitenge chake kipya. Ulimuona? Hukumuona, ulikuwa na wageni. Mukono mumoja aliuficha chini ya kitenge. Nilipomukaribia nikaona kichupa cha maji. Mungu wangu, nilitaka ardhi inimeze. Akasema tu: "Niache, kaka. Wamekwisha kufunga." Na yule mwenye kufunga njo mutoto wake!

Kwa hiyo, mwanangu, nasema mara moja tu, maana munanichokesha. Toa ile plastiki. Fungua asubuhi, funga jioni, na kati ya hapo watoto washike, wakosee, washike tena. Kioo kikivunjika, niite, nitakuja mimi kusimama mbele ya prefe, mukubwa wa shule. Lakini kikiota ukungu, usinitafute.

Na kesho, mbele ya wanafunzi wote, wa kwanza kutazama awe mama yako. Umusogezee kiti.

Mungu akubariki, Neema. Wanafunzi wako wakuchokeshe na maulizo mpaka sauti ikukauke, na ule ufunguo uishe kwa kufungua. Nenda sasa, mama yako iko anachota maji.