Mawe ya Boma na Posa ya Cheektowaga

Mji wetu ulikuwa mdogo, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Burundi. Wajerumani ndio walioujenga: boma la mawe juu ya kilima, gati la meli, na barabara moja iliyonyooka kati ya viwili hivyo. Mawe yalibebwa kichwani na watu wa vijiji vya jirani. Wabelgiji walipokuja wakaligeuza boma kuwa jela. Hiyo ndiyo historia niliyowapa wanangu, kambini Tanzania na baadaye hapa Marekani. Sikuwaambia kwamba babu yangu alikuwa mnyapara wa Wajerumani, na kiboko kilikuwa mkononi mwake.

Aliyewaambia ni mwenzangu niliyekua naye. Tulikuwa tunaanua matanga ya mke wangu, mtaa wa South End, mjini Louisville. Mtu akauliza habari za boma, naye akacheka: "Muulizeni huyu. Babu yake ndiye aliyewachapa babu zetu!" Wanangu walinitazama. Nilicheka pia, na tangu siku hiyo nikaanza kumngoja.

Nilingoja miaka sita. Mjukuu wangu wa Columbus akampenda binti wa mtu huyo huyo, aliyekuwa amehamia Cheektowaga, nje ya Buffalo. Nilifurahi, lakini si kwa ajili ya kijana.

Kwetu, siku ya posa kila upande huwa na msemaji, na wasemaji hutaniana mpaka watu washike mbavu. Msemaji hutafutwa nje ya familia, mtu ambaye jambo halimchomi. Mimi niling'ang'ania kusema mwenyewe.

Msemaji wao alianza: "Mzee, mmetoka Columbus mikono mitupu? Ng'ombe wameishia njiani?"

"Wanaogopa theluji yenu, ndugu yangu."

Sebule nzima ikacheka. Nikaendelea: "Tena wanaiogopa nyumba hii. Wajerumani walipotafuta wabeba mawe, watu walijificha kwenye matete. Aliyewaonyesha matete hayo ni babu wa huyu baba wa binti."

Shangazi wa binti alicheka kidogo, akidhani ni utani.

Mwenzangu alisimama. "Babu yangu alikufa akibeba mawe yale. Na wewe unajua."

Nilijua. Uongo ule niliutunga ndani ya basi, kutoka Louisville kwenda Columbus, na uliniburudisha njia nzima.

Kreti za bia tulizoleta kwa posa zilirudishwa mpaka kwenye gari. Binti hakutoka kuaga. Njiani mjukuu wangu aliniuliza swali moja, kwa Kiingereza: nilijua kwamba ni uongo? Nikasema ndiyo.

Sasa amenitaka niandike ukweli kwa mkono wangu, aupeleke Cheektowaga kabla ya kuposa tena. Nimeandika: babu yako alibeba, babu yangu alichapa. Neno la kuomba radhi nimelifuta mara tatu, maana kicheko cha mwenzangu pale kwenye matanga ya mke wangu bado nakisikia. Mwishowe nimeandika: "Nisamehe kwa ajili ya watoto. Kwa ajili yangu mimi, sijaomba."

Kijana ameisoma barua, ameikunja, ametoka kuwasha gari.